Bawabu wa Tundu la USB: Istilahi Isiyojua Kazi ya Kitu Hutuponza

Aghalabu mijadala yetu kuhusu Kiswahili na teknolojia huishia kwenye jina la mashine. Wapo wanaoshikilia tarakilishi kwa jino na ukucha, wapo wasioona ubaya wa kompyuta, na wapo, ingawa ni wachache siku hizi, ambao hawajaitupa ngamizi. Makongamano yameandaliwa, makala yamesomwa, chai imenywewa, na kila mmoja amerejea kwao na neno lile lile alilokwenda nalo. Sina nia ya kuufufua ugomvi huo. Ninachodhamiria katika makala haya ni kudai kwamba tumegombania jina la nyumba tukasahau kuingia ndani, na kwamba kutoingia huko kunawatia watu wetu hasara ya fedha na vifaa. Ili hoja yangu isielee hewani, nitashika kitu kimoja kidogo mno: kinga inayodhibiti umeme katika tundu la USB, yaani lile tundu la mstatili ambamo kila mmoja wetu huchomeka diski ya flashi, kipanya, modemu au waya wa kuchajia simu.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi na nyaya, wapi na wapi? Swali hilo ni halali na nitalirudia. Kwanza na tukijue kitu chenyewe, maadamu kubuni istilahi ya kitu usichokijua ni sawa na kumpa mtoto jina kabla ya kujua kama amezaliwa.

Mfumo wa USB ulichapishwa Januari 1996, ukiwa zao la ushirikiano wa kampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Toleo la 1.1 lilifuata mwaka 1998 na la 2.0 likaja Aprili 2000. Kabla ya hapo kila kifaa cha pembeni kilikuwa na tundu lake: kibodi lake, kipanya lake, printa lake, na ole wake aliyekosea. Lakini fadhila kubwa ya USB haikuwa tu kuyaunganisha matundu hayo. Ilikuwa kwamba tundu lile lile linalopitisha data hupitisha pia umeme. Ndani ya waya wa awali mna nyuzi nne: mbili za data, moja ya umeme wa volti 5, na moja ya kurudishia umeme huo.

Umeme huo haugawiwi kiholela. Kwa mujibu wa kanuni za toleo la 2.0, kifaa kinapochomekwa hakina ruhusa ya kuvuta zaidi ya miliampea 100. Ni sharti kwanza kijitambulishe kwa tarakilishi, kiseme ni nani na kinahitaji kiasi gani. Kikikubaliwa, chaweza kuvuta hadi miliampea 500 na si zaidi. Toleo la 3.0 la mwaka 2008 lilivipandisha viwango hivyo vikawa miliampea 150 na 900. Ukitazama vyema utaona kwamba hii ni adabu ya mgeni kwetu: hubisha hodi, hukaribishwa sebuleni, huulizwa habari za safari, ndipo aandaliwe. Wahandisi hawakuiita hivyo, lakini Kiswahili kina maneno ya utaratibu huo tangu jadi.

Je, mgeni asipokuwa na adabu? Je, akiwa hana hata fahamu, kama vile waya uliochunika ambao nyuzi zake mbili zimegusana? Hapa ndipo wengi hudharau. Husema: volti 5 ni nini? Hata mtoto akizigusa hatazihisi. Ni kweli. Hata hivyo, kinachounguza si volti peke yake. Ndani ya tarakilishi ya mezani, mfumo wa umeme wa volti 5 huweza kutoa ampea 20 na zaidi. Volti 5 mara ampea 20 ni wati 100, yaani joto la balbu ya zamani ya wati 100 likitafuta pa kutokea katika waya mwembamba kuliko njiti ya kibiriti. Plastiki huyeyuka, njia za shaba zilizochorwa juu ya ubao wa saketi hubabuka, na panapokuwa na karatasi au pazia karibu, mambo huharibika zaidi. Fauka ya hayo, joto hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la waya huongezeka mara nne, ukiongezeka mara kumi, joto ni mara mia.

Kwa sababu hiyo waandishi wa kanuni za USB hawakuitegemea adabu ya mgeni. Waliagiza kwamba tarakilishi, pamoja na kila kitovu kinachojitegemea kwa umeme, iwe na kinga dhidi ya mkondo uliovuka mpaka. Kiwango cha kukatia hakipaswi kuzidi ampea 5, na kinga yenyewe ni lazima ifanye mambo matatu. Igundue kwamba mpaka umevukwa. Iondoe au ipunguze umeme. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa, iiarifu programu ya tarakilishi kwamba kuna jambo limetokea. Zaidi ya hayo yote, baada ya hitilafu kuondoka iweze kurejea kazini bila ya mtu kufungua mashine na kubadilisha kitu kwa mkono.

Mwenye kazi hizo, kwa Kiswahili, ni bawabu. Husimama mlangoni, hutazama wanaopita, huzuia anayevuka mpaka, humpasha habari mwenye nyumba, na kesho yake asubuhi yu pale pale. Nitalitumia neno hilo kama istiari, kisha nitalihoji mwenyewe kabla hajatokea mwingine kunihoji.

Bawabu si fyuzi. Katika ubao mkuu wa tarakilishi za kale, umeme wa kibodi ulipitia fyuzi ndogo iliyoungwa kwa risasi kwenye ubao. Ilipokatika, tundu la kibodi lilikufa, na wengi walishauriwa kununua ubao mpya kwa sababu ya kitu kisichofikia ukubwa wa punje ya mchele. Fundi mjanja alichukua kipande cha waya akaunganisha ncha mbili za fyuzi hiyo, kibodi ikafufuka, na kinga ikawa imezikwa. Fyuzi ni mlinzi anayekufa langoni: hufanya kazi yake mara moja tu katika uhai wake.

Natamani wanaisimu wenzangu waitazame tofauti hii kwa jicho la sarufi. Kwa kawaida tunasema fyuzi imekatika. Hakuna asemaye fyuzi imekata. Mnyambuliko wa kutendeka umebeba ukweli wote wa kifizikia: fyuzi haitendi, inatendwa, waya wake huyeyuka kwa joto, basi. Swichi ya kisasa inayolinda tundu la USB, kwa upande mwingine, hukata. Inapima, inaamua, inatenda, na baadaye inarejesha. Kitenzi kimoja, kiambishi kimoja, na tayari mwanafunzi wa kidato cha pili ameelewa tofauti ambayo vitabu vya Kiingereza huieleza kwa aya nzima. Ni hazina iliyoje hiyo tuliyonayo, nasi tumeiacha darasani pamoja na mazoezi ya mnyambuliko!

Bawabu huyu huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni kipande cha plastiki kilichochanganywa na chembechembe za kaboni. Kikiwa baridi, chembe hizo hugusana na umeme hupita. Mkondo ukizidi, plastiki hupata joto, hutanuka, chembe huachana, na ukinzani hupanda ghafla hata umeme unaopita ukabakia kidogo tu. Ukichomoa kifaa chenye kasoro, plastiki hupoa na kunywea, chembe hukutana tena. Ni rahisi na ni ya bei nafuu, lakini ni nzito kuamka, na hata ikiwa imelala hula sehemu ya volteji. Ya pili ni swichi ya transista iliyomo ndani ya kijisilikoni kimoja pamoja na kipimio cha mkondo na kipimio cha joto. Mkondo ukivuka mpaka, swichi hiyo huubana kwa kasi kubwa. Hali ikiendelea na silikoni ikipata joto la kupindukia, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 130 za Selsiasi, hukata kabisa. Wakati huo huo, mguu wake mmoja hupeleka ishara kwa tarakilishi.

Lakini bawabu mkali kupita kiasi ni balaa la aina yake. Vifaa vingi vina kapasita ndani, nazo zinapochomekwa huwa tupu. Kwa kitambo kidogo sana humeza umeme kwa pupa, kama mtungi mkavu unaotumbukizwa kisimani. Kanuni zimeweka kikomo cha takriban mikrofaradi 10 kwa pupa hiyo, na ishara ya hitilafu katika swichi nyingi hucheleweshwa kwa milisekunde chache ili mgeni aliyekuwa na kiu tu asichukuliwe kuwa mwizi. Subira hii ndogo ndiyo inayotenganisha kinga njema na kinga ya kero.

Mfano halisi wa mzani huu ni tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya kufundishia watoto, na iliyoanza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35. Toleo lake la kwanza lilikuwa na matundu mawili ya USB, na kila tundu lilipewa kinga ya plastiki ya miliampea 140 tu. Wabunifu walikusudia wema; walitaka kuilinda mashine maskini dhidi ya vifaa vilafi. Matokeo yakawa kwamba volteji ilishuka ndani ya kinga yenyewe, baadhi ya kibodi zikawa zinarudiarudia herufi au kukwama, na vifaa vya intaneti isiyo na waya vikakataa kufanya kazi bila kitovu chenye umeme wake. Mwaka huo huo wakaziondoa kinga hizo mbili, mahali pake pakawekwa viunganishi vitupu. Sasa kibodi zilitulia, ila ukichomeka kifaa chenye pupa tarakilishi nzima iliweza kuzimika na kuanza upya, kwa kuwa umeme wa tundu na umeme wa ubongo wa mashine ulikuwa mmoja. Haikuwa hadi Julai 2014, toleo la B+ lilipotoka na matundu manne, ndipo ilipowekwa swichi halisi ya kudhibiti mkondo: miliampea 600 kwa matundu yote kwa pamoja, na mtumiaji aliyekuwa na umeme wa kutosha angeweza kuzipandisha hadi ampea 1.2. Kwa miaka miwili watu werevu walipita kutoka kwa bawabu mkali mno hadi kutokuwa na bawabu kabisa, ndipo wakampata bawabu mwenye kipimo. Sielewi kwa nini kisa kama hiki kisisimuliwe kwa Kiswahili katika madarasa yetu.

Sasa nirudi kwenye lugha, ambayo ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Bawabu anapokata umeme na kuiarifu tarakilishi, mtumiaji huonyeshwa tangazo. Katika mfumo wa Windows XP wa mwaka 2001 tangazo hilo lilisema kwa Kiingereza kwamba kumetokea wimbi la umeme katika tundu la kitovu, na matoleo ya baadaye, Windows 10 ikiwemo, yakalirithi neno lilo hilo. Neno lenyewe ni lile linalotumiwa kwa bahari inapoumuka na kupanda pwani kwa kishindo. Tazama basi mwelekeo wa picha hiyo: kuna kitu kikubwa kinachotoka nje, kinasukuma, kinaingia kwa nguvu. Kilichotokea ni kinyume. Hakuna kilichosukumwa. Kifaa, waya au tundu lenye kasoro limevuta kuliko kiasi chake, na bawabu amezuia. Waingereza wameponzwa na istiari yao. Sisi hatulazimiki kuponzwa nayo.

Hasara yake nimeishuhudia. Katika mji mmoja mdogo kulikuwa na duka la huduma za intaneti ambamo tulizoea kuchapisha kazi zetu. Tarakilishi moja ilitoa tangazo hilo kila ilipowashwa. Mwenye duka akaita fundi. Fundi akasoma, akatoka nje akaitazama nguzo ya umeme, akarudi na hukumu kwamba stima ya mtaa ule ina mawimbi na ni lazima kinunuliwe kidhibiti cha volteji. Kikanunuliwa, kwa fedha zilizokuwa za kodi ya chumba. Tangazo likaendelea kama kawaida. Ndipo akaja kijana mwingine, hakusoma tangazo kabisa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, Kizungu cha mashine humchanganya. Alizima mashine, akaichomoa, akamulika matundu moja moja kwa tochi ya simu. "Mama, stima yako haina neno," akasema. "Ni huu ulimi umelala ukagusa bati." Katika tundu moja, ulimi wa shaba wa kupitishia umeme ulikuwa umepinda ukaegemea ganda la chuma. Aliunyoosha kwa kibanio. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko chai ya mama yule kupoa.

Sisemi kwamba fundi wa kwanza alikuwa mlaghai. Alisoma alichoandikiwa akakiamini. Hatia ni ya neno. Na laiti tangazo lingekuwa kwa Kiswahili lakini limetafsiriwa neno kwa neno, yaani wimbi la umeme katika tundu, hasara ingekuwa ile ile, tena tungejipongeza kwa kukiendeleza Kiswahili. Ingalikuwaje lau lingesema: kifaa katika tundu hili kimevuta umeme kupita kiasi, tundu limekatiwa, chomoa kifaa, kagua waya na tundu? Yeyote angejua pa kutazama.

Mkanganyo huu una upande wa pili wenye hatari zaidi. Kuna hatari nyingine ambayo kweli ni ya volteji, na bawabu wetu hawezi kuizuia. Tangu mwaka 2015 kumekuwepo kifaa kinachofanana na diski ya flashi ambacho hunyonya umeme halali wa tundu, hukijaza kapasita zake, kisha hurudisha mpigo wa volti zipatazo 200 kupitia nyuzi za data. Mkondo kinaouvuta hauvuki mpaka wowote, hivyo bawabu humwona kama mgeni mwenye heshima zake. Mwaka 2019, katika chuo kimoja huko Albany, jimbo la New York nchini Marekani, mwanafunzi wa zamani alitumia kifaa cha namna hiyo kuharibu tarakilishi 66. Anayeita mambo haya mawili kwa jina moja hana njia ya kumweleza msimamizi wa maabara kwamba kinga aliyo nayo inamlinda na hili wala haimlindi na lile.

Basi tuseme nini? Nimewasikia wenzetu wakipendekeza "kinga ya mkondo wa ziada". Siafiki. Ziada na zidi ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini katika matumizi yetu yameshaachana njia. Ziada ni nyongeza inayofurahisha: masomo ya ziada, malipo ya ziada, dakika za ziada kwa timu iliyo nyuma. Mwambie mteja kwamba kitovu hiki kina kinga ya mkondo wa ziada, naye huenda akadhani anapewa mkondo zaidi kwa bei ile ile! "Mkondo uliozidi" ni afadhali, ila hausemi umezidi nini. Mimi ningependekeza "mkondo pindukia", kwa kuwa kupindukia hubeba ndani yake dhana ya mpaka uliokuwapo na ukarukwa, na ndivyo hali ilivyo: kuna kiwango kilichowekwa kabla, na kuna kukivuka. Atakayekuja na neno bora nitamwamkia shikamoo hata akiwa mdogo wangu.

Kuhusu neno kinga lenyewe, ninalipenda, ingawa lina kichekesho chake. Methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo haizungumzii ulinzi. Kinga hapo ni kijinga cha moto. Kwa hiyo tumechagua, kwa kitu kinachozuia moto, neno ambalo katika methali zetu ndilo linalouwasha. Silioni kuwa tatizo. Muktadha hutenganisha, na mwalimu wa fasihi atapata mfano wa homonimia usiochusha.

Nilisema nitalihoji neno bawabu. Udhaifu wake ni mlango. Bawabu akifunga mlango, hakuna apitaye. Lakini katika fizikia ya shule zetu, saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, na iliyo wazi haipitishi. Mwanafunzi aliyefundishwa bawabu kisha akaambiwa "funga swichi" atafanya kinyume. Hii si kasoro ndogo. Ninashauri kwamba katika maelezo yote ya kinga za umeme tuyakwepe maneno kufunga na kufungua, tutumie kukata na kupitisha, na bawabu abaki kuwa istiari ya kufundishia, asiingie katika faharasa. Yaelekea baadhi ya wasomaji watasikitika kuona ninamfukuza mgeni niliyemkaribisha mwenyewe kwa mbwembwe. Potelea mbali.

Wapo watakaonijibu kwamba kazi hii ni ya mabaraza na taasisi, si ya jarida la wanafunzi. Ninaziheshimu taasisi hizo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitupa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Lakini kamusi hutoa visawe, haitoi masimulizi. Mtu hajifunzi kinga ya mkondo kutokana na mstari mmoja wa kamusi, kama vile hajifunzi tenzi kwa kusoma fasili ya mizani. Pengo letu kubwa ni nathari: aya ndefu, zilizonyooka, zinazoeleza kitu kinavyofanya kazi. Nathari ni fani yetu sisi watu wa fasihi, na hapo ndipo ninapolijibu lile swali la nyaya na fasihi.

Wengine watasema, Kiingereza kinatosha, tena vifaa vyenyewe huja na maandishi ya Kiingereza na Kichina. Mwenye rai hiyo na aende siku moja katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi asikilize mauzo yanafanywa kwa lugha gani. Mnunuzi huuliza kwa Kiswahili, muuzaji hujibu kwa Kiswahili, na wote wawili hunyamaza wanapofika kwenye lile ambalo lingewafaa zaidi. Vipo vitovu vya bei ya chini ambavyo ndani yake waya wa umeme umeunganishwa moja kwa moja kutoka tundu hadi tundu, bila swichi yoyote, ilhali vinapojitambulisha kwa tarakilishi hudai kwamba kila tundu lina udhibiti wake. Vipo vingine ambavyo vina kinga moja ya matundu yote: kifaa kimoja kikikosea, yote hukatiwa, na kipanya kisicho na hatia huhukumiwa pamoja na waya mbovu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mnunuzi angekuwa na swali moja tu la kuuliza, "Je, kila tundu linakatiwa peke yake?", angeokoa mengi. Swali hilo halipo kinywani mwake kwa sababu hatujalitia humo.

Na wakati hautungoji. Matundu mapya ya aina ya C hayatoi miliampea 500 tena. Kwa volti 5 pekee yanaweza kutoa hadi ampea 3, na kanuni za mwaka 2021 zimeruhusu hadi wati 240, yaani volti 48 kwa ampea 5, baada ya kifaa na chanzo kujadiliana kidijitali. Bweni ambalo zamani lilichaji simu sasa linachaji vipakatalishi kwa waya wa namna hiyo hiyo, na waya bandia una nafasi kubwa zaidi ya kuunguza mto wa mwenye kulala.

Ninalowaomba wahariri wa jarida hili ni kurasa mbili katika kila toleo, za kueleza kifaa kimoja kwa Kiswahili cha nathari, si orodha ya istilahi. Kila makala isomwe kwanza na mwanafunzi wa uhandisi, kwa ajili ya ukweli wake, na fundi mmoja wa mtaani, kwa ajili ya maneno yake, kwani neno ulimi nililolitumia hapo juu halikutoka katika kamusi yoyote ya umeme bali kinywani mwa kijana mwenye tochi. Walimu wetu nao wakubali insha ya aina hii kuhesabiwa katika kozi za utunzi, sawa na hadithi fupi.

Nami nina deni ambalo sijalilipa. Swichi hizi hutofautiana: baadhi hukata na kubaki zimekata hadi tarakilishi iziamuru kurejea, nyingine hukata, husubiri kidogo, hujaribu tena zenyewe, na zikikuta hitilafu ipo hukata upya, hivyo hivyo mara nyingi kwa dakika. Nyingine hazikati mwanzoni bali hubana, zikipitisha kiasi kile kile kisichozidi, huku volteji ikiporomoka. Kukata tunako, kubana tunako. Hilo la katikati, la kukata na kujaribu bila kuchoka, mafundi niliowauliza wana majina matatu tofauti nalo, na hakuna kati yao anayekubali la mwenziwe. Mwenye neno kutoka Lamu, Vanga au kokote kule alilete kwa wahariri kabla ya toleo lijalo.